Asali Iliyoganda

Juzi, katika duka moja la Usagara, binti alirudisha chupa ya asali. "Imeganda hii, imeharibika," akasema. Sikuweza kumsahihisha, maana nilikuwa nimemkumbuka mdogo wangu.

Alizaliwa mchana, nyumbani kwetu Kigombe. Chumba kilinukia ubani. Bibi alinituma nikalete asali ya maua ya mikoko, aliyoihifadhi mvunguni kwenye chupa iliyozibwa kwa nta, ili amlambishe mtoto kama ilivyo ada. Niliporudi, wanawake wote walikuwa wamenyamaza. Bibi aliitazama ile asali, imeshikamana kama samli.

"Haina kazi tena hii, mjukuu wangu," akasema taratibu.

Nilidhani ni kwa sababu imeganda. Sikujua bado kwamba asali ikiganda haijaoza. Nikatoka nayo uani, nikaitumbukiza chupa katika sufuria ya maji moto, nikawa naizungusha. Baba na ami walipita kando yangu na kitu kidogo kilichofungwa kwa shuka nyeupe. Sikuwaangalia, macho yangu yalikuwa kwenye chupa. Polepole asali ikalegea, ikarudia weusi wake.

Nikakimbia nayo ndani. Mama alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

"Mama, imeyeyuka! Mtoto yuko wapi?"

Akageuka. Akamimina tone kidoleni mwake, akanilambisha mimi. Kisha akaangua kilio, nacho ndicho kilio cha kwanza kusikika nyumbani mwetu siku ile.