Robo Tangi Kwenda Mkuu na Kurudi

Nilisafiri kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Anaishi Mkuu, Rombo, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiwatambua wajukuu kwa sauti. Madaktari wa kambi ya macho walikuwa wanakuja Moshi, tunakoishi sisi, kwa siku tatu tu, na zamu yake ilikuwa Jumanne saa mbili asubuhi. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine, na hakuna aliyejua wangerudi lini. Mke wangu alikuwa kazini wiki nzima. Nikabaki mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina gari dogo la Kijapani, la mtumba, ninalolitoa nyumbani hadi dukani na Jumapili hadi kanisani. Mlimani sikuwa nimeliendesha hata mara moja. Naogopa kona, naogopa malori, na sioni aibu kusema. Juu ya hofu hiyo, wiki ile mafuta yaliadimika mjini kote, vituo vikafunga pampu. Kwenye tangi nilikuwa na robo.

Jumapili jioni nilimwita fundi wangu wa magari, Athumani, alitazame gari kabla sijaondoka. Akaniuliza kama huwa naangalia namba ndogo inayowaka kwenye dashibodi, ile yenye maandishi ya Kijapani pembeni. Nikamwambia naijua, ni joto la nje.

"Joto gani linabadilika kila ukigusa mafuta?" Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hii ni kilomita kwa lita, baba. Inaonyesha sasa hivi unatumiaje. Ikipanda, unatumia kidogo. Ikishuka, unamaliza. Kesho itafute spidi ambayo namba inakaa juu, halafu usitoke hapo."

"Nitafika na kurudi?"

"Inategemea mguu wako," akasema, na jibu hilo lilininyima usingizi.

Jumatatu saa moja asubuhi niliondoka Moshi kuelekea Himo. Nilianza na spidi arobaini, nikiamini kwamba anayekwenda polepole ndiye anayebana matumizi. Namba ikakaa kwenye kumi na mbili. Lori likanijia nyuma, likanipigia honi ndefu, nikasogea pembeni. Nikapandisha hadi sitini, namba nayo ikapanda: kumi na tano, kumi na sita. Kwenye sitini na tano ikagusa kumi na nane, nikafurahi kama mtoto. Nikajaribu mia moja mara moja tu, kwa udadisi. Ikaporomoka hadi kumi, na usukani ukaanza kutetemeka. Nikarudi sitini na tano haraka. Nikagundua pia kwamba kukanyaga na kuachia kunakula mafuta kuliko kutuliza mguu. Lakini nilikuwa naitazama ile namba kuliko barabara. Mara mbili nilistukia nimekanyaga mstari wa katikati.

Himo nilisimama penye kituo cha mafuta nikiomba Mungu. Pampu zilikuwa zimefunikwa magunia. Dereva mmoja wa teksi, kijana mwenye kofia, alikuwa amekaa kwenye boneti yake akingoja. Nikamweleza safari yangu.

"Kupanda hakuna ujanja, mzee," akasema. "Ila ukirudi, mteremko wa Marangu weka N, gia huru, achia. Linateremka bure mpaka hapa."

"Si hatari hiyo?"

"Mbona sisi tunashuka kila siku?"

Kutoka Himo hadi Marangu, kisha Mwika hadi Mkuu, niliona maana ya maneno yake. Namba ilishuka hadi sita, ikagusa tano. Nilijaribu kwenda polepole, gari likakohoa. Nilijaribu kuongeza, mshale wa mafuta ukalala zaidi. Migomba pande zote ilikuwa imelowa ukungu, na kila kona nilikuwa nahesabu kichwani: nikiishiwa hapa, namfuataje mama? Na nikiishiwa naye akiwa garini? Taa ya njano ya mafuta iliwaka naingia Mkuu.

Saa tano nilifika kwa mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, kavaa gauni lake la kanisani, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Neema. Gari lako limechoka. Nimelisikia toka kule kwa mchungaji linavyohema."

Alinipa mtori wa ndizi, nikaula bila kuuonja. Kisha akamwita jirani atoe mizigo: mikungu mitatu ya ndizi, debe la maharage, na jogoo amefungwa miguu. Mimi nilikuwa naona uzito tu. Kila mkungu kichwani mwangu ulikuwa kilomita kadhaa.

"Mama, labda tungechukua mkungu mmoja..."

"Binti yangu apelekewe mkungu mmoja, kwani huku kuna njaa?"

Mkwe habishani na mama mkwe. Nikapakia yote, gari likakaa chini nyuma.

Saa saba mchana tuliondoka. Mpaka Marangu tulikwenda vizuri, ila taa ya njano haikuzimika, nami sikuacha kuitazama. Mama alikuwa mbele kando yangu, anaimba polepole wimbo wa kanisani. Mteremko mrefu wa kwenda Himo ulipofunguka, nikamkumbuka yule kijana. Nikasukuma gia kwenye N.

Injini ikatulia. Namba ikaruka hadi arobaini, mwisho wake, ikakaa hapo. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu asubuhi. Spidi ikaenda sitini, ikaenda themanini, nami nikawa nashika breki, naachia, nashika tena. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho yangu yalikuwa kwenye arobaini ile.

Mama akaacha kuimba. "Baba Neema, kuna kitu kinaungua."

Nami nikaisikia: harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Nikakanyaga breki. Pedeli ikazama, laini, na gari likapunguza mwendo kidogo tu. Nikakanyaga tena, ikazama zaidi. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kushoto, na upande wa kulia niliona vilele vya migomba vikiwa chini ya barabara. Niliwaza kwamba nimekuja kumchukua mama wa watu ili nimuue.

"Breki haishiki, mama."

Hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. "Lori la marehemu mume wangu lilikuwa likishuka hapa linalia," akasema. "Lako mbona limenyamaza? Lilize!"

Nikavuta gia kutoka N hadi D, nikaendelea hadi 2, gia nzito. Injini ikanguruma, gari likavutwa nyuma, jogoo akapiga kelele, mkungu mmoja ukanigonga bega. Nikavuta breki ya mkono taratibu. Tuliipita kona tairi mbili zikiwa nje ya lami. Mbele kidogo gari likakubali kusimama kwenye majani, ubavu ukiegemea ukingo wa udongo.

Nilifungua mkanda, nikashuka kutazama. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye tairi za mbele. Tukakaa karibu saa nzima breki zikipoa. Mama aliomba kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, kisha akamenya ndizi mbivu akanipa nusu.

Tulipoondoka niliacha gia kwenye 2 na injini ikalia mpaka Himo. Kwenye sehemu ya mwisho ya mteremko ndipo nilipothubutu kutupa jicho kwenye ile namba. Ilikuwa arobaini. Ileile. Injini ikisukumwa na mteremko nayo haikunywa mafuta; sikuwa nimepata hata tone kwa ile N. Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka, na nilishukuru kwamba mama haoni.

Himo hadi Moshi nilikwenda sitini na tano, mguu umetulia, taa ya njano inawaka. Saa kumi na moja tukaingia nyumbani. Nikasema breki zilileta shida kidogo, na mama akauliza jogoo afungwe wapi. Jumanne saa mbili kasoro tulikuwa kwenye foleni ya kambi.

Jumamosi iliyofuata mafuta yalikuwa yamerudi na mama alikuwa anaona. Nikamrudisha Mkuu. Sasa naijua spidi ya gari langu: tambarare ni sitini na tano. Kupanda, nalipa ninachopaswa kulipa. Kushuka, naliacha lilie. Na ile namba nimeibandika plasta.

Tulikuwa tunapanda Marangu mama alipoigusa plasta kwa kidole. "Hii inaficha nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini tulikuwa karibu na kona ile, nami nikamweleza yote, kuanzia fundi mpaka N. Akageuka, akatazama chini, kule vilipo vilele vya migomba. Alitazama kwa muda mrefu kwa macho yake mapya.

"Kumbe ndipo hapa."

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Na siku ile ulikuwa unaangalia hako kanamba?"

"Ndiyo mama."

Akauvuta mkanda wake kuona kama umefunga.

"Basi siku ile humu ndani vipofu tulikuwa wawili," akasema, "na dereva nilikuwa mimi."