Tangi la Kotile Ndani ya Kompyuta

Habibo Warfa aliajiriwa kupokea simu katika ofisi yetu ya maji mjini Garissa, mwaka 1994. Kompyuta ilipoletwa, sisi wengine tuliifunika kitambaa tukaiogopa. Yeye alikifunua, akasoma kitabu cha programu hadi kurasa zikalegea. Mimi, karani wa faili, nilimcheka sana. Nakiri nilikuwa mjinga.

Mwaka wa pili mkuu wetu, Bwana Keynan, alichoka. Chombo kinakula umeme bure, akasema, kirudishwe Nairobi. Habibo akaomba siku moja tu. Angewatengenezea walinzi wa matangi orodha: ukichovya fimbo, maji yakiishia hapa, lita ni ngapi. Kabla ya hapo walituletea habari za "nusu" na "karibu nusu", na lori la maji likachelewa kila mara.

Siku ilipofika, Mzee Bare, mlinzi wa tangi la Kotile, alikuja na fimbo yake begani. Tangi lake ni la duara, upana mita nne, kimo mita mbili. Habibo akabonyeza. Printa ikalia, ikatoa lita sifuri. Sifuri. Sifuri.

"Wallahi, hata kombyuta ameona ukame," Bare akasema.

Keynan akanyoosha mkono kuchukua simu awapigie Nairobi. Lakini Habibo alipitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, kisha akacheka. Juu, mkono wake ulikuwa umefuata kitabu: PAI = 3.14159, ile namba ya kila duara isiyobadilika. Chini, mkono ulifuata ulimi wa kwetu wa Kisomali, ambao herufi P huigeuza B: BAI. Kompyuta haikumjua huyo Bai, na isichokijua hukihesabu sifuri.

"Bole, adeer," akamwambia Bare, akimwita ami, akarekebisha herufi moja.

Lita zikaja! Sentimita kumi, lita 1257. Ishirini, 2513. Tukapiga makofi. Fimbo ya kwenye kompyuta ilipanda kwa hatua za 0.1 ya mita, na ilipaswa kusimama ikifika 2. Ikafika mbili, ikapita. Ikafika tatu, ikafika nne, karatasi ikashuka mezani hadi miguuni mwa Keynan.

"Gabar, wewe binti, wacha iendelee!" Bare alipaza sauti. "Mvua imekuja!"

Keynan mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Habibo akazima, akafikiri, akatueleza. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na sehemu moja ya kumi haiwezi kuiandika ikaisha, kama sisi tunavyoshindwa kuimaliza theluthi kwa desimali. Kila hatua ilibakiza chembe. Kwenye kioo tuliona 2, kumbe ndani ni mbili na chembe, naye aliiagiza isimame kwenye mbili kamili. Akabadilisha hatua ziwe sentimita nzima: kumi, ishirini, hadi mia mbili. Namba nzima haina chembe.

Mistari ishirini ikatoka, ikakoma. Bare aliikunja orodha akaitia mfukoni kama cheti cha ndoa.

Keynan akapiga simu Nairobi. "Kompyuta hairudi," akasema, akakata. Nilimkumbatia Habibo bila haya.

"Hulugho kuna matangi matatu, kila moja na upana wake," Keynan akamwambia. "Utaanza lini?"

Habibo hakugeuka. Alikuwa tayari anaandika programu ya Hulugho.