Mkanda Aliousemea Bibi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Semeni mtakavyo. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza na pikapu moja bovu la kubebea maji hapa Ibra, Omani, na leo malori tisa ya barafu yana jina langu mlangoni, yanachukua samaki kutoka Ashkhara mpaka Nizwa. Nimeona wadi, mto wa mvua, ikiteremka na kubeba gari mbele ya macho yangu kama inabeba kiatu. Sikupepesa.

Basi alasiri moja mwaka huu nilikuwa narudi kutoka Sur na binti yangu Thuraya. Kaunganisha simu yake na redio ya gari, mara ikatoka sauti ya nyuzi, kavu, kali, kama mtu anayemwaga choroko juu ya sinia la bati. Mguu wangu ukatoka wenyewe kwenye mafuta. Gari likajikokota pembeni ya njia.

"Baba, kuna nini?"

"Chombo gani hicho?"

"Banjo, baba. Muziki wa watu wa milimani huko Marekani. Hii nyimbo mpya, imetoka juzi."

Mpya! Chombo hicho nakijua tangu nina miaka tisa.

Nyumba yetu ilikuwa na ua wa saruji. Alasiri mama akiumwagia maji, ukitoa harufu ya vumbi lililoshiba. Baba alikuwa dereva wa watu wanaochimba visima, na mkubwa wao alikuwa Mmarekani mrefu, uso mwekundu kama tungule. Dada yake huyo bwana alikuwa akimletea kanda za kaseti kutoka kwao, nyimbo mpya mpya alizozinasa redioni. Kazi ilipokwisha akarudi kwao, akamwachia baba jozi ya viatu vya ngozi na mkanda mmoja. Viatu havikumkaa baba. Mkanda ukanikaa mimi.

Upande wa kwanza ulikuwa na wanaume wanaopiga kelele, sikuujali. Upande wa pili ulikuwa na mwanamke mmoja. Alianza na banjo peke yake, halafu akaingia yeye kwa sauti nyembamba isiyotikisika, kama uzi unaopenya kwenye tundu la sindano, halafu fidla ikamfuata nyuma kwa adabu. Jamani, nywele za mikono zilinisimama. Mpaka siku ile nilidhani dunia inaishia pale milima yetu inapoishia. Nikajua kuna milima mingine, na watu wake wana huzuni kama sisi, ila wao huzuni yao wanaichezea miguu.

Bibi yangu, Bi Zayana, mama yake baba, alikuwa ukumbini anachagua mchele. Aliposikia fidla akaliweka sinia chini.

"Taarabu hiyo!"

"Si taarabu, bibi. Ya Wamarekani."

"Wamarekani wamejulia wapi fidla? Nyamaza we mtoto, nimsikilize. Anampiga mtu kijembe huyu."

Kiingereza bibi alijua "gudi moningi" tu, na hiyo aliitumia hata jioni. Lakini alikulia Unguja, kwenye taarabu, na kwake yeye nyimbo haiimbwi bure, ina mwenyewe. Nikamuuliza, "Bibi, anasema nini?"

Akafumba macho. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Anasema katoka kwake, wali uko jikoni, kaupalia makaa juu ya mfuniko. Alikuwa anamngoja mdogo wake waje kula pamoja. Hakudiriki kumngoja mpaka afike."

Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu. Alasiri nikirudi kutoka chuo cha Kurani nautia mkanda, bibi anafumba macho, ananifasiria beti nyengine. Mara yule mwanamke kafunga ufunguo kwenye pembe ya kanga. Mara yuko melini, anakumbuka kuwa wali ule hakuutia chumvi. Nilikuwa nikicheka sana hapo kwenye chumvi. Bibi hakucheka, na mimi nilidhani Wamarekani ndivyo walivyo, hawacheki.

Siku hizo barua za Unguja zilikwenda kwa kaseti. Mnakaa mbele ya mashine, kila mtu anasema salamu zake, halafu mkanda unapewa msafiri. Akatokea msafiri, na nyumbani hamna mkanda mtupu.

"Ule wa Mmarekani utatosha," baba akasema.

Nililia. Niliukalia mkanda, wallahi, nikaukalia kama kuku. Nikainuliwa kwa sikio. Baba na mama wakausemea upande wa kwanza, hatujambo, mvua zimenyesha, fulani kaoa. Nikashusha pumzi, maana nyimbo yangu iko upande wa pili, na bibi hakuwa msemaji wa mashine. Kila mara husema "salamu nyingi" tu na kuisukuma mbali kwa kidole.

Siku hiyo akasema, "Geuza."

"Bibi, usiifute! Tafadhali bibi!"

"Tulia, mjukuu wangu. Haiendi mbali."

Akaisogeza mashine mpaka karibu na mdomo. "Salma, mdogo wangu. Siku ile nilitoka wali uko jikoni, nimeupalia makaa."

Nikaacha kulia. Alikuwa anasema nyimbo yangu! Ufunguo, kanga, meli, chumvi, beti zote kwa mpango wake. Baba kainamisha kichwa, mama katoka. Mimi nilivimba kwa fahari: bibi ananiwekea nyimbo yangu kwa mdogo wake, ili isipotee. Mkanda ukaenda. Bibi akafariki kabla sijabaleghe, na ile sauti sikuisikia tena.

Mpaka Thuraya. Baada ya siku ile garini sikumwachia simu yake. Kanionyesha vijana wa huko wanaopiga muziki huo sasa, mmoja mwenye ndevu anayeimba kama anamnong'oneza ng'ombe, dada wawili wanaopokezana sauti hata hujui nani kaanza. Kila nyimbo yao mpya ikitoka, naisikiliza mimi kwanza. Madereva wangu, ambao bosi humwita arbabu, wananicheka, "Arbabu kawa mchunga ng'ombe!" Wacheke.

Kisha wale dada wawili wakatoa nyimbo za zamani walizozipiga upya, na ya tatu ilikuwa ile. Ile yenyewe. Nikamshika Thuraya mkono. "Nifasirie."

"Inasimulia punda aliyekataa kuvuka mto, baba. Mwenyewe anambembeleza."

"Na wali?"

"Wali gani, baba?"

Nilikaa kitako. Mtu mzima, mvi kichwani, nimeishi miaka yote hiyo nikiamini mwanamke wa Kimarekani aliacha wali jikoni. Bibi hakuwahi kutuhadithia siku aliyotoka kwake Unguja. Baba alikuwa akisema tusimuulize. Kumbe mimi nilikuwa namuuliza kila alasiri, naye ananijibu.

Nikampigia simu Bi Ghanima huko Unguja, binti yake marehemu Bi Salma, nikamuuliza ule mkanda.

"Upo," akasema, "kwenye mkebe wa biskuti. Lakini hautoki humu ndani. Unautaka, njoo."

Nikaenda. Nilikuwa sijawahi kuikanyaga Unguja. Bi Ghanima akautia mkanda kwenye mashine kuukuu, bibi akasema yake yote, mpaka kwenye chumvi. Pakalia "tak". Halafu, pale alipoachia kusema, ikachomoza banjo. Robo nzima ya nyimbo haikufutwa. Yule mwanamke aliendelea kuimba, hatikisiki, na fidla yake nyuma.

"Na hiyo ndiyo ngoma yenu ya Omani," Bi Ghanima akaniambia. "Mama akiipiga kila Idi, sote tunacheza."

Sikumsahihisha. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama mama yake aliukuta ule wali.

"Aliukuta. Ulikuwa bado wa moto. Akautia chumvi, akaula."

Hesabu yangu ya safari: tiketi ya kwenda na kurudi, pamoja na haluwa kilo mbili, riali mia moja arubaini na saba na baisa mia tisa.