Siku Nilipomkwepa Baba Mkwe Mpaka Maporomokoni

Nikilisimulia hili nainamisha uso, na nikinyamaza ninyi wenzangu mnanikumbusha, kwa hiyo bora niliseme mwenyewe nipumzike. Ni mimi, Tusekile, niliyemwaibisha baba mkwe wangu kanisani mbele ya kijiji kizima cha Matema, na sikufanya kwa ukorofi, nilifanya kwa kupanga mambo vizuri mno.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Mimi ni binti wa hapa ufukweni mwa ziwa, kwetu tunafinyanga vyungu, na mume wangu Ambilikile ni Mnyakyusa wa kule juu, na kwao (kwetu sasa) mke wa mtu hamtazami baba mkwe, hamsalimii, halitaji jina lake, akisikia anakuja anatoka njiani na kujifunika mpaka apite, ndiyo maana hata vijiji wamegawana, wazee kwao na vijana kwao. Sikuwa nimemwona yule mzee hata unyayo, na nilijivunia hilo kuliko vyungu vyangu, kwa sababu mama mkwe alikuwa ananingojea niteleze mara moja tu aseme hawa wa ziwani hawana adabu, arudishwe kwao.

Basi Bibi wa misheni, yule Mjerumani anayefundisha wasichana kushona (nilikuwa namfulia nguo), akaja na karatasi na kalamu. Anataka Jumamosi tupande msituni, tufike maporomokoni, tule pale, kisha turudi kwa njia nyingine ili tusikanyage njia moja mara mbili. Nikamwuliza tunakwenda kuchukua nini, akasema hakuna. Kumsalimia nani? Hakuna. Mtu atembee siku nzima ili afike alikotoka, mikono mitupu! Nilichoka palepale, nikiwa nimekaa.

Kazi ya kupanga njia akanipa mimi, maana nachimba udongo huko juu nazijua njia zote. Sasa njia nzuri, pana, yenye kivuli, inapita katikati ya migomba ya baba mkwe. Hapo ndipo ningesema. Lakini Bibi hakupenda mambo ya kukimbiana na wakwe, alishatufundisha mara nyingi kwamba sote ni ndugu, nami nikaona aibu kuonekana mshamba, nikamwambia njia ile imejaa siafu (hakukuwa na siafu), tuzunguke upande wa pili, kwenye mteremko. Kisha, kwa kujiona mjanja, nikamtuma Ambilikile akamwulize baba yake Jumamosi atakuwa wapi. Akarudi na jibu: atashinda nyumbani. Nikalala vizuri.

Jumamosi mteremko ule ulitutesa. Mvua ilikuwa imenyesha, Bibi na sketi yake ndefu anateleza, mimi nyuma na kikapu kichwani, mkate, mayai ya kuchemsha na birika la kahawa, na kila tukipumzika Bibi ananiuliza siafu gani hao wanaojaza njia nzima. Sikuwa na nguvu ya kuongeza uongo.

Tukatokea maporomokoni karibu na adhuhuri. Pale chini, juu ya jiwe, mzee mmoja kifua wazi ananawa miguu. Sikuwahi kumwona, lakini masikio yale yaliyosimama pembeni ni ya Ambilikile, nalala nayo kila siku. Nikajitupia kaniki usoni, nikageuka nikimbie, na pale nilipokanyaga hapakuwa na ardhi. Nikaingia kwenye maji na kikapu changu.

Kuogelea najua, lakini si nikiwa nimefungwa kichwa. Bibi akawa anampigia mzee kelele anishike mkono. Mzee alishanipa mgongo. Akachukua fimbo yake ndefu, akaja kinyumenyume mpaka ukingoni, akaipitisha nyuma yake kama mtu anayejikuna mgongo, nami nikapapasa nikaishika, nikavutwa nisiyeona na mtu asiyetazama. Kisha akasema, na aliuambia mti, hakuniambia mimi:

“Wewe mti, mwanangu aliponiuliza nitakuwa wapi, nilijua mke wake anataka kupita kwangu na huyu mzungu. Nikampisha, nikaja huku. Hapa hatujaona mtu, mimi na wewe.”

Akaondoka bila kugeuka. Nilikaa kwenye tope nikalia, kwa uchovu na kwa huruma ya yule mzee aliyeacha nyumba yake kwa ajili yangu.

Ingeishia hapo. Lakini Jumapili Bibi akasimama kanisani kumshukuru mtu mwema aliyeniokoa, akamwonyesha kwa kidole kwenye benchi la wanaume, akasimulia yote, mpaka fimbo, kisha akatuita sote wawili mbele tushikane mikono. Mzee akatoka mbio kwa mlango wa mchungaji. Mimi nilipita chini ya mabenchi, katikati ya miguu ya watu, na kanisa zima likacheka isipokuwa mama mkwe. Kabla ya chakula cha mchana mama mkwe alishanifukuza, nilikuwa njiani kurudi kwetu, mkeka kichwani, Ambilikile akinisindikiza mpaka mtoni, na pale akaniachia mkono kama hataki.

Miezi miwili nilikaa kwetu, sijui kama nina mume au sina. Mwishowe baba yangu akampandisha mlimani fahali wake, hana mwingine, kwenda kuniombea radhi. Aliporudi peke yake aliniuliza jambo moja tu: “Mwanangu, kusema ulishindwa?”

Nikarudishwa kwa mume wangu. Haukupita mwezi, Bibi akaja tena na karatasi, safari nyingine, na kalamu yake ikapita katikati ya migomba ileile. Nikamwambia, “Hapo ni kwa baba mkwe wangu, Bibi. Mimi sipiti.” Akafuta, akachora pembeni, akaniuliza kama mashuka yamekauka.

Basi, ndivyo ilivyokuwa rahisi. Tangu siku hiyo nisipopita nasema sipiti, mtu acheke, anune, shauri yake. Ila kila nikienda kwetu kusalimia naliona zizi la baba, halina kitu, naye ananikaribisha kwa furaha kama kawaida, na mimi nashindwa kumtazama.