Shikamoo ya Nyota Tano

Mpaka leo najiuliza ilikuwaje kinyota cha njano kinisumbue moyo kiasi kile. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mizani Singida ni mnunuzi wa alizeti, baba yangu akiwemo. Karibu na stendi palifunguliwa intaneti kafe, nami nikajiunga na jukwaa la wakulima na wakamuaji wa mafuta. Jina halisi hakuna aliyetumia. Mimi nilijiita Mbegu. Jibu lililowafaa watu lilipewa nyota. Sikulipwa hata ndururu, na bado niliamka nikiwaza kuna swali gani jipya.

Nyota ya tano ilipotokea kando ya jina langu, watu wakabadilika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, lakini walianza kuniandikia shikamoo. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliitikia marahaba, na nikiri, ilinoga.

Nyumbani nyota hazikuwepo. Magunia ya baba yalikaa juu ya sakafu tupu, na ya chini yaliota ukungu kila msimu wa mvua. Nilimwambia ayapandishe juu ya mbao, ayatenge na ukuta. Akanijibu kwamba alianza kununua alizeti Iguguno kabla sijazaliwa. Iliniuma.

Jioni moja nikamkuta stoo anapanga mbao chini ya magunia, anapiga mluzi. Kumbe naye alikuwa amejifunza kompyuta kimyakimya.

"Kuna mzee mmoja kule jukwaani, ana nyota tano," akasema. "Nimempa shikamoo yake, akanielekeza vizuri sana."

Nilimkumbuka muulizaji wa asubuhi ile, aliyelalamikia ukungu kwenye magunia, na marahaba niliyomwitikia. Ningeweza kunyamaza, mbao zilishapangwa. Lakini nilitaka ajue, nilitaka sana.

"Baba, nisamehe. Huyo mzee ni mimi."

Akanitazama, akatazama mbao, akakaa juu ya gunia. Nilisubiri kugombezwa. Akauliza taratibu kama ushauri niliompa mwanzo pale nyumbani ulikuwa huu huu. Nikamjibu ndiyo, neno kwa neno.

"Basi nirudishie shikamoo yangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kisha akasogea, akanipa nafasi juu ya gunia, akaniuliza tuache upana gani kutoka ukutani.