Kikombe Nilichokikataa Mbele ya Kanisa

Ilianza Jumapili, Juni 9, 1974, saa nne na robo asubuhi, kanisani kwetu Dagoretti Corner. Tulikuwa tumepiga magoti kwenye Meza ya Bwana. Mama Auma, kiongozi wa kwaya, alikuwa kando yangu, mdomo umejaa malengelenge. Akanywa. Kikombe kilipofika kwangu, nikabana midomo na kutikisa kichwa.

Nilisahau kwamba kwetu anayekataa kikombe amejitangaza kuwa na dhambi. Nyumbani Mama alinikalisha jikoni.

"Atieno, ni mvulana gani?"

"Hakuna, Mama!"

"Usinidanganye. Kanisa lote limeona."

Akamwita Mama Auma aje aniombee. Aliponiwekea mkono kichwani, nikalia na kusema kweli: "Niliogopa huo mdomo wako!"

Mama Auma alicheka mpaka akashika meza. "Na mimi je, ninayekunywa baada ya baba yako na masharubu yake?"

Jumatatu asubuhi nilimwuliza mwalimu wa bayolojia. Akasema malengelenge hayo huambukizwa zaidi kwa kugusana na kidonda. Kwa kikombe ni nadra. Kisha akauliza kwa nini nataka kujua. Kwa upumbavu wangu nikamweleza, naye akawaita walimu wenzake waje wasikie.