Kizimba Kinachomtambua Mwizi

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa niliamini, kama ninavyoamini jua, kwamba kizimba cha mahakama ya mwanzo pale Kilosa kilichongwa kwa mti unaomtambua mwizi: akikishika tu, kinatetemeka. Wilaya nzima iliamini, hata mbuzi wake.

Basi shemeji yangu wa Rudewa, mume wa dada, akashtakiwa kuiba mahindi ya ghala la kijiji. Hakuiba, usiku wa wizi alikuwa kwangu, hoi kwa homa. Balaa ni kwamba siku ya kesi homa ilimrudia, akawa anatetemeka kama mashine ya kukoboa. Nikamshauri akiri mapema, apunguziwe kifungo.

"Kiri tu, mtani!" mtani wake akadakia pale mlangoni. "Mkeo na shamba lako tutakutunzia sisi."

Shemeji akapanda kizimbani. Kizimba kikatikisika hadi nikadhani paa linashuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, kama kizimba kimeshasema, mimi nitapinga nini?"

Hakimu hakuelewa. Nikasimama, nikamweleza habari za ule mti. Wazee wa baraza wakainama, mabega yakiwacheza kwa kicheko.

"Mzee," hakimu akamwambia shemeji, "hiki kinatikisika kwa sababu wewe unaumwa. Kama hukuiba, sema hukuiba, kisha ukae. Kuthibitisha ni kazi ya aliyekushtaki, si yako wala ya mbao."